Mashada yanayooza Mayuge: barua kwa watu wangu wa Namatala

Johor, Malaysia

Wazazi wangu, wajomba, shangazi na majirani wote wa Namatala, Divisheni ya Industrial, Mbale,

Picha alizonitumia baba mdogo kutoka shamba letu la michikichi la Mayuge zimefika, nami nimezikuza kwenye simu mpaka nikaona nilichokuwa nakihofia. Nyuzi nyeupe zilizofunga chikichi pamoja, kama utando wa buibui, ni kuvu. Jina lake la kitaalamu ni Marasmius palmivorus, na huku Malaysia inajulikana tangu miaka ya 1920. Chini ya nyuzi hizo nyama ya tunda hulainika na kugeuka kahawia, na mafuta yake hupanda asidi. Mvua ikizidi, viyoga vidogo vyeupe huchomoza juu ya shada. Walio kwenye viwanda vya mafuta Jinja wanajua hasara yake: mafuta ghafi ya mawese yakivuka asidi ya asilimia 5, bei huanguka.

Nimesikia mnachangishana mnunue bomba na dawa ya wadudu. Nawaomba kwa heshima zote, msinunue.

Sisi watu wa Mlima Elgon tumelelewa na kahawa, na buni ikishikwa na chulebuni mtu hukimbilia dawa ya kopa. Mchikichi una mambo yake. Kuvu hii huanza kwa kula vilivyokufa: makuti makavu yanayoning'inia, maua yaliyooza, shada lililoiva likaachwa juu mpaka likaharibika. Ikishanenepa hapo ndipo inahamia kwenye shada bichi, na hasa lile ambalo halikuchavushwa vizuri. Shada la namna hiyo huwa na chikichi chache zilizojaa, na katikati yake nyingi ndogo zilizodumaa. Hizo zilizodumaa hufa, zinaoza, na kuvu inapata pa kuingilia.

Anayechavusha mchikichi ni fukusi mdogo mweusi anayezaliana kwenye maua dume. Huku Malaysia hakuwepo. Vibarua walikuwa wakizunguka na chavua wakinyunyizia maua kwa mkono, hadi fukusi huyo alipoletwa kutoka Kameruni mwaka 1981. Sasa fikirieni dawa ya wadudu itafanya nini Mayuge. Kuvu haitaiua, maana kuvu si mdudu. Atakayekufa ni fukusi, na msimu ujao mashada yasiyojaa yatakuwa mengi kuliko ya sasa. Kwa sababu hiyo hiyo, waambieni vijana waache kukata maua dume yaliyokauka ili shamba lionekane safi. Humo ndani ndimo walimo mabuu wa fukusi.

Kinachotibu ni mikono. Shada lililoshikwa likatwe, litolewe nje ya shamba, lizikwe au lichomwe. Likiachwa chini ya shina, kuvu inaendelea kuishi hapo hapo. Makuti yaliyokufa yaondolewe, ila msikate mabichi ovyo, kwa kuwa ndiyo yanayolisha shada. Magugu yanayozunguka shina yafyekwe, kwa maana mashada ya miti michanga kama yetu hukaa karibu kabisa na udongo, na unyevu haukauki hapo. Mavuno yazungukwe kila siku 10 hadi 14, kiangazi na masika. Ukiona chikichi zilizoiva zimeanza kudondoka zenyewe, shada hilo liko tayari. Likate na ulifikishe kinuni ndani ya saa 24.

Kwa majirani walio nyuma yetu, ambao michikichi yao ndiyo kwanza inatoa maua: hayo ya mwanzo yatoeni kila mwezi mpaka mti ukaribie miaka 2. Najua inauma kutupa ua. Lakini mashada hayo ya kwanza huwa madogo, huchavushwa vibaya, na ndiyo yanayokuwa kitalu cha kuvu. Mti ukipumzishwa hivyo unatia nguvu kwenye mizizi na shina.

Ndugu zetu wa Kisiwa cha Bugala, Kalangala, wamekuwa wakivuna na kupeleka mashada kinuni tangu 2010, miaka mingi kabla mradi wa taifa wa michikichi haujaingiza Mayuge na Buvuma. Mmoja wenu akipata nafasi avuke ziwa akaone wanavyopanga mzunguko wao. Ataelewa zaidi kuliko kwa barua yangu.

Bado jambo moja linanisumbua kuliko kuvu yenyewe. Wengi wenu wenye mashamba Mayuge mnakaa Mbale, na safari ya kupitia Tirinyi hadi Iganga, kisha kushuka kusini, haifanyiki kila wiki. Shamba lina kijana, na kijana analipwa kwa kilo. Kwa malipo hayo ataliacha shada lililooza juu ya mti, maana halimletei hata shilingi, na pale linaambukiza mashada yaliyo jirani.

Hela nilizotuma safari hii ziko kwenye simu ya shangazi, na ni za ujira. Kijana alipwe kwa kila mti aliousafisha, awe amevuna shada humo au hakuvuna. Kwa nafasi ya mita 9 kwa mpangilio wa pembetatu, ekari moja hubeba miti 57 au 58, kwa hiyo kuikagua ni kazi ya asubuhi moja. Shangazi ndiye akague, kwa kuwa ndiye pekee anayefika shambani na kuinama chini ya makuti. Akikuta shada jeupe limebaki, mti huo usilipwe hadi litoke.

Mtoto wenu