Glavu za Mlezi Zimo Fungu Gani?

Saa nne asubuhi ni saa ya uji. Katika darasa la watoto wenye mtindio wa ubongo, mlezi hukaa ubavuni mwa mtoto, humshika kidevu kwa mkono wa kushoto, huingiza kijiko na kusubiri ameze. Mtoto akipaliwa, uji na mate humrukia mlezi usoni na kifuani. Anajifuta, anaendelea. Uji ukiisha zinafuata nepi. Mtu huyu utamwambiaje akae mbali mita moja?

Ndilo tuliloambiwa sote Machi 2020, mgonjwa wa kwanza wa corona alipotangazwa Arusha tarehe 16 na shule zikafungwa kesho yake. Zilipofunguliwa Juni 29, kinga ilikuwa ndoo ya koki, sabuni na barakoa ya kitambaa. Kwa mwalimu anayesimama ubaoni, haikuwa haba. Lakini katika shule kama Mtoni Maalum, Temeke, au Sinza Maalum, na katika vitengo vya wanafunzi wenye ulemavu vilivyomo ndani ya shule za kawaida, kazi yenyewe ni kugusa.

Ndiyo maana nasema mlezi wa shule maalum ahesabiwe pamoja na muuguzi, hasa magonjwa ya mlipuko yanapoingia. Hadi sasa hahesabiwi hivyo. Chanjo ya corona ilipozinduliwa Julai 28, 2021, kwa dozi zaidi ya milioni moja, waliotangulizwa ni wahudumu wa afya, wenye miaka 50 na zaidi, na wenye magonjwa sugu. Mlezi wa miaka 30 mwenye afya yake hakuwemo, ingawa mikono yake hushinda kwenye mate na kinyesi.

Wapo wanaosema vifaa vya kujikinga, barakoa na glavu, vinaharibu ufundishaji, na wana hoja. Lugha ya alama haiko mikononi tu. Nyusi, mashavu na midomo ni sehemu ya sarufi yake. Mwalimu akiziba mdomo, mtoto kiziwi anapokea sentensi iliyokatwa. Na kwa mtoto kiziwi asiyeona, anayesoma kwa kupapasa mikono ya mwalimu, glavu ni pazia. Huyo wa kwanza anahitaji mwalimu mwenye barakoa yenye dirisha la plastiki. Wa pili anahitaji maji na sabuni karibu, mikono ioshwe kabla na baada. Kununua shehena moja kwa zabuni na kuigawa sawasawa kwa shule zote ni kupoteza fedha.

Tukija kwenye fedha, tupige hesabu. Mtoto anayebadilishwa nepi mara tatu kwa siku anamaliza glavu sita. Kwa siku 194 za masomo ni glavu 1,164, karibu maboksi 12 ya glavu mia mia, kwa mtoto mmoja. Ruzuku ya uendeshaji chini ya elimu bila ada ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi kwa mwaka, na 4,000 kati ya hizo ni za vitabu. Zinazobaki hazitoshi hata boksi moja. Mwalimu mkuu hapo hana hila ya kufanya, labda abishe hodi kwa wafadhili.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inamtwika mwajiri jukumu la kumpa mfanyakazi vifaa vya kujikinga. Tukisikia hivyo tunawaza kofia ngumu na buti za mjengoni. Glavu za mlezi nazo zingekuwa na fungu lake katika bajeti ya halmashauri, la kila mwaka, bila kusubiri mlipuko. Na milipuko haijaisha: kipindupindu cha Agosti 2015 kilianzia Kinondoni, na Machi 2025 Wizara ya Afya ilitangaza wagonjwa wawili wa Mpox, ugonjwa unaoambukizwa kwa kugusana ngozi.

Kwa sasa aproni ya walezi wengi ni khanga. Mlezi anaifunga juu ya gauni asubuhi, inapokea uji, mate na mengine, na jioni anaikunja kwenye mfuko wa plastiki na kupanda nayo daladala la Mbagala. Nyumbani anailoweka kwenye beseni lilelile la nguo za wanawe, kwa sabuni aliyoinunua mwenyewe.