Mtoto wako akikuambia amekuwa Mbudha



Andiko la leo ni Yohana 6:66-69. Lisome kwanza, halafu urudi hapa.

Mwaka huu wazazi wawili wa kanisa letu, kila mmoja kwa wakati wake, wameniletea swali moja. Ni watu waliolea watoto wao hapa hapa Garissa, watoto wa shule ya Jumapili, watoto wa kwaya. "Pasta, mtoto yuko chuo Nairobi. Amenipigia simu akaniambia yeye si Mkristo tena, amekuwa Mbudha. Nifanye nini?" Wameniruhusu nijibu hapa bila kutaja jina la mtu, kwa sababu najua wako wengine wenye jambo hili nyumbani na wamelificha kwa aibu.

Mpendwa, kwanza tujue tunazungumzia nini. Wengi wetu tukisikia Ubudha tunaona sanamu na sinema za kareti. Lakini Ubudha ni dini iliyoanzia India karne kadhaa kabla ya Kristo kuzaliwa Bethlehemu. Mapokeo yao yanasema Siddhartha Gautama alikuwa mwana wa mtawala. Aliona uzee, akaona ugonjwa, akaona maiti, akaacha jumba la baba yake kwenda kutafuta jibu. Alifundisha kwamba maisha yana mateso, kwamba mateso yanatokana na tamaa ya kung'ang'ania, na kwamba iko njia ya kuyamaliza. Wafuasi wake wa kawaida hushika maagizo matano: wasiue, wasiibe, wasizini, wasiseme uongo, wasilewe. Kwa hiyo usiwaambie watu mtoto wako ameingia kwa wachawi. Huo ni uongo, na uongo hauwezi kumrudisha mtu kwenye Kweli.

Tena dini hii haiko mbali. Dar es Salaam liko hekalu la Kibudha lililojengwa zamani za ukoloni na watu waliotoka Sri Lanka. Na Uganda yuko mtawa Mbudha, Mganda halisi, anayeitwa Bhante Buddharakkhita. Alizaliwa Steven Kaboggoza, akalelewa Mkatoliki. Mwaka 1990 alikwenda India kusoma, akakutana na watawa vijana kutoka Thailand waliokuwa wanafunzi kama yeye. Urafiki huo ukaendelea kuwa safari. Mwaka 2002 alitawazwa kuwa mtawa kule Marekani, na mwaka 2005 akaanzisha kituo cha Kibudha karibu na Entebbe. Ninamtaja ili uone jinsi mambo haya yanavyoanza. Alianza na marafiki, na utulivu aliouona kwao. Hakuna aliyemroga.

Sasa, ushauri ninaosikia ukitolewa kwa wazazi hawa ni huu: mkatie karo, mlete kwa nguvu aombewe, atajwe mbele ya kanisa ili wengine waogope. Wapendwa, mimi ni Mpentekoste. Naamini mapepo yapo na naamini yanatoka kwa jina la Yesu. Lakini si kila swali ni pepo. Ukikemea swali kama pepo, swali halitoki. Linanyamaza tu, na mtoto anaacha kupokea simu zako.

Tukumbuke pia tunaishi wapi. Hapa kwetu swali la "dini yako ni ipi?" limewahi kuulizwa kwa bunduki. Tarehe 1 Julai 2012 waabudu walishambuliwa kanisani mjini humu siku ya Jumapili. Tarehe 2 Aprili 2015, pale Chuo Kikuu cha Garissa, wanafunzi waliulizwa imani yao, na watu 148 wakauawa siku ile. Mpaka leo tunakaguliwa langoni kabla ya kuingia ibadani. Na wapo wale tunaowaombea kwa siri, waliompokea Yesu wakafukuzwa na jamaa zao. Kila tukikesha tunamwomba Mungu alainishe mioyo ya wazazi wao.

Sasa niambie, mama, niambie, baba: tutawaombeaje wazazi wale walainike, halafu sisi tumfukuze wetu? Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 32, inampa kila mtu uhuru wa dhamiri na dini. Kifungu hicho ndicho tunachokishika sisi tulio wachache huku Kaskazini Mashariki. Hatuwezi kukishika kwa mkono mmoja na kumnyima mtoto wetu kwa mkono wa pili.

Rudi sasa kwenye Yohana 6. Wanafunzi wengi waliona neno la Yesu ni gumu, wakageuka, wakaenda zao. Yesu hakupunguza neno ili wabaki. Wala hakutuma Petro awarudishe kwa fimbo. Aliwageukia wale kumi na wawili akawauliza kama na wao wanataka kuondoka. Mlango ulikuwa wazi, na ndiyo maana jibu la Petro lina uzito. Anayebaki kwa sababu amefungiwa hajasema lolote kuhusu Yesu.

Usinielewe vibaya. Sisemi dini zote ni njia moja. Nikisema hivyo nitakuwa nimewadanganya ninyi, na nitakuwa nimewadharau Wabudha, maana wao wenyewe hawafundishi tunachofundisha. Hawamhubiri Muumba anayesikia maombi na kusamehe dhambi. Wanafundisha kwamba tendo lina matunda yake, na kila mtu hubeba matunda ya matendo yake. Sisi tunahubiri kwamba deni lilikuwa letu na Mwingine akalilipa msalabani. Hiyo si tofauti ndogo. Mimi nikiangalia matendo yangu, natetemeka kuachiwa niyabebe peke yangu. Mwulize mtoto wako swali hilo kwa upole, si kwa kumshinda: "Mwanangu, na yale ambayo huwezi kuyarekebisha tena, nani atakubebea?" Kisha nyamaza. Usimjibie.

Msikilize pia. Mwulize alikuwa anatafuta nini. Mtoto aliyekulia Garissa alikuwa bado mdogo tulipozika. Aliuliza Mungu alikuwa wapi. Wengi walijibiwa, "Usimwulize Mungu maswali." Lakini Ayubu aliuliza, na mwisho wa kitabu ni marafiki zake wenye majibu mepesi waliokemewa. Zaburi 88 inaanza kwa kilio na kuishia gizani, na Mungu aliiacha ndani ya Biblia. Kama mtoto amekutana na dini ambayo somo lake la kwanza ni mateso, usishangae kwamba alikaa kusikiliza. Mwonyeshe kwamba na sisi tunaye Bwana aliyelia kaburini kwa Lazaro, huku akijua atamfufua.

Wengine wanatafuta kimya. Ibada zetu zina spika, zina ngoma, zina shangwe, na mimi nazipenda. Lakini Marko 1:35 inatuambia Yesu aliamka kabla hakujapambazuka, akaenda mahali pasipo watu kuomba. Eliya naye hakumkuta Bwana kwenye upepo, tetemeko wala moto. Kimya ni mali ya nyumba yetu. Kijana asilazimike kwenda kukitafuta kwa jirani kana kwamba kwetu hakipo. Kwa hiyo kuanzia wiki ijayo, ibada ya Jumatano itaanza kwa dakika kumi za kukaa kimya mbele za Bwana. Bila kinanda. Bila kipaza sauti.

Mzazi, hivi ndivyo ninavyokushauri. Lipa karo kama ulivyokuwa ukilipa. Karo si mshahara wa imani. Krismasi mwite nyumbani, apewe chapati na nyama kama wenzake, na kama ameacha nyama mpikie ndengu. Ukiomba kabla ya kula, omba kama kawaida. Usifiche imani yako ili kumfurahisha, na usiigeuze maombi ya chakula kuwa mahubiri ya kumchoma. Usiku, akishalala, piga magoti. Hapo ndipo vita vilipo.

Utaniuliza, "Pasta, je, nikimkaribisha hivyo, si atanivuta na mimi?" Ni swali la haki. Yule mtawa wa Uganda, baadaye mama yake mzazi alifuata njia ya mwanawe, naye akawa mtawa wa Kibudha. Siwafichi hilo. Upendo ukibaki, njia ya mazungumzo inabaki wazi, na njia hupitika pande zote mbili. Lakini ukiifunga ili asikuvute, umeifunga pia kwa Injili. Dawa ni kumjua Uliyemwamini. Soma Neno, usiishi kwa imani ya pasta. 1 Petro 3:15 inatutaka tuwe tayari kumjibu anayetuuliza sababu ya tumaini letu, tena kwa upole na heshima. Huwezi kuwa tayari kwa kitabu ambacho unakifungua Jumapili tu.

Yule baba wa Luka 15 alimpa mwana sehemu yake na akamwacha aende. Alimwona angali mbali kwa sababu hakuacha kuangalia barabara.

Tuombe. Baba, tunakuletea watoto wetu walioondoka, kila mmoja kwa jina lake. Wewe unawajua kuliko sisi. Walinde huko waliko, uwatumie watu wa kweli, na utupe sisi masikio ya kusikia na nyumba zisizofungwa. Katika jina la Yesu. Amina.

Kama una mtoto katika hali hii, nitumie ujumbe inboksi, usiandike jina lake hapa chini. Tutaomba pamoja.