Saini peke yake haitoshi, jamani

Leo nitawaudhi wasomi fulani. Kila nikisoma kuhusu mitandao ya magari isiyo na waya nakutana na AODV, itifaki ya RFC 3561 ya mwaka 2003, ambayo yenyewe inakiri haina kinga maalum ya usalama. Gari likitafuta njia huuliza majirani, na jibu lenye namba kubwa zaidi ya mfuatano ndilo huaminiwa. Yaani makanga akipiga kelele "imejaa, tunatoka sasa hivi!" unapanda bila kuchungulia ndani. Gari moja la uongo hutaja namba kubwa, huvuta pakiti zote, kisha huzitupa. Shimo jeusi hilo.

Mtaniambia kuna saini za kidijitali, IEEE 1609.2. Sawa. Saini huthibitisha nani amesema na kwamba ujumbe haukuguswa. Haithibitishi kwamba alipeleka mzigo! Mwenye cheti halali anaweza kutupa pakiti vilevile.

Mimi nataka kila gari lihesabu: nimempa jirani pakiti ngapi, na nimemsikia akirusha ngapi? Redio si inasikika? Ndiyo, magari hupishana haraka na hesabu itakosea. Basi irekebisheni hiyo hesabu, badala ya kuniletea simulesheni nyingine ambamo kila gari ni malaika.