Mashine, Chandarua na Mapenzi

Leo tuongelee kukoroma, ila bila kuchekana. Mwenzio akikoroma, akanyamaza ghafla, kisha akashtuka akihema, mpeleke kwa daktari. Huenda koo linaziba akiwa usingizini na hewa haipiti.

Mume wangu analala na mashine inayomsukumia hewa kupitia barakoa. Sasa, hapa Ifakara mbu hawana huruma. Mpira wa hewa utapitaje kwenye chandarua? Usikitoboe, jamani! Sisi tunaweka mashine kwenye kigoda, chini ya usawa wa kichwa, ili maji yanayojikusanya kwenye mpira yasimtiririkie puani. Mpira unapita chini ya pindo, halafu nachomekea chandarua pande zote.

Maji ya kisima usitie kwenye tangi lake, tumia yaliyokenekwa. Asubuhi mwaga yaliyobaki, osha barakoa kwa sabuni laini.

Na umeme je? Mto Kihansi unaozalisha megawati 180 unamwaga maji yake Kilombero, lakini umeme ukikatika saa nane usiku, ujirani huo hausaidii kitu. Avue barakoa, alale ubavu. Bia za jioni nazo aziache, maana pombe hulegeza koo.

Kaka zangu wengi huona aibu kuivaa mbele ya mke. Wangu alilalamika kwamba anafanana na rubani. Nikamwambia, afadhali nilale na rubani kuliko nikeshe nikihesabu pumzi zako.