UCHAMBUZI: Kasi ya tovuti hupimwa mkononi mwa msomaji, si afisini

WAHENGA walinena kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Katika soko la intaneti, methali hii yahitaji sharti moja: chema hujiuza pale tu mlango wa duka unapofunguka upesi. Ukurasa unaojikokota huachwa kabla haujasomwa, na huenda pia ukasukumwa nyuma katika orodha ya majibu ambayo Google huwapa wanaotafuta habari.

Suala hili si geni. Mnamo Aprili 9, 2010, Google ilitangaza kwamba kasi ya tovuti ingekuwa miongoni mwa mambo yanayozingatiwa katika kupanga majibu hayo. Wakati huo, ni chini ya asilimia 1 ya utafutaji ulioathiriwa. Julai 2018, kanuni hiyo ilipanuliwa hadi kwa wanaotafuta habari kwa simu za mkononi. Kisha, kati ya Juni na Agosti 2021, vikaanza kutumika vigezo vitatu vyenye vipimo bayana.

Kigezo cha kwanza ni muda unaopita kabla ya sehemu kubwa zaidi ya ukurasa, aghalabu picha au kichwa cha habari, kuonekana. Muda huo haufai kuzidi sekunde 2.5. Cha pili, kilichochukua nafasi ya kingine Machi 2024, ni muda wa ukurasa kuitikia baada ya mtu kubonyeza: usizidi milisekunde 200. Cha tatu ni utulivu. Maandishi yasirukeruke kwa sababu tangazo la biashara limejipenyeza ghafla, hata msomaji akabonyeza asichokusudia.

Muhimu zaidi ni mahali ambapo vipimo hivi hutoka. Havichukuliwi katika kompyuta ya mwenye tovuti. Hukusanywa kwa siku 28 kutoka kwa watumiaji wa kivinjari cha Chrome waliokubali habari hizo zitumwe. Tovuti huhesabiwa kuwa imefaulu katika kigezo fulani iwapo angalau asilimia 75 ya ziara za wasomaji zimefikia kiwango kilichowekwa.

Hapo ndipo wenye tovuti wengi hujihadaa. Meneja aliyeketi jijini Nairobi, mwenye kompyuta mpya na intaneti ya nyaya za kioo, hufungua ukurasa wa kampuni yake na kuridhika kwamba mambo ni shwari. Lakini mteja wake yuko Lodwar au Garissa, ana simu ya bei nafuu, na mawimbi yanamjia kwa kusitasita. Ukurasa ni ule ule, ila safari zake mbili hazifanani hata kidogo.

Kuna pia wauzaji wa huduma wanaoahidi kuipa tovuti alama 100 kwa 100 katika jaribio la PageSpeed Insights. Alama hiyo hutokana na jaribio moja la kuigiza simu na mtandao wa kasi ya chini. Yafaa kufichua kasoro, lakini Google haiitumii kupanga majibu. Mwenye tovuti anayelipia alama hiyo pekee hununua cheti badala ya elimu. Sehemu ya kusomwa kwanza ni ile inayoonyesha ziara za wasomaji halisi, ingawa tovuti zenye wageni wachache huikosa. Hao hawana budi kujaribu kurasa zao wenyewe kwa simu ya kawaida, mbali na mtandao wa afisi.

Zamani lawama zote zilielekezwa kwa miundomsingi, na haikuwa bila sababu. Kabla ya kituo cha kubadilishana mawasiliano ya intaneti nchini, KIXP, kuanzishwa mwaka wa 2000, barua pepe baina ya wateja wa kampuni mbili za intaneti jijini Nairobi ingeweza kupitia ng'ambo kwa setilaiti. Kituo hicho kilifungwa muda mfupi baadaye katika mzozo wa leseni, kikafunguliwa tena 2002. Nyaya za chini ya bahari za TEAMS na SEACOM zikawasili 2009.

Barabara ilipanuliwa, lakini mizigo nayo ikaongezeka. Ukurasa wa kawaida sasa una uzito wa zaidi ya megabaiti 2, na sehemu kubwa ya uzito huo ni picha na programu za JavaScript. Msomaji anayenunua data ya siku moja ndiye anayeulipia.

Umbali nao haujatoweka. Ombi linalotoka Nairobi hadi seva iliyo Ulaya na kurudi huchukua takriban sehemu moja ya kumi ya sekunde au zaidi, na ukurasa mmoja huhitaji safari kadhaa za aina hiyo. Nyaya za EASSy na SEACOM zilipokatika Mei 12, 2024, Afrika Mashariki ilikumbushwa jinsi inavyotegemea njia chache za baharini. Nakala za kurasa zinazohifadhiwa katika seva za Nairobi au Mombasa hupunguza safari hizo.

Tiba nyingine hazina gharama kubwa. Picha zipunguzwe kabla ya kuwekwa, na vipimo vyake vitajwe ili maandishi yasisukumwe. Zile za chini zisubiri msomaji azifikie. Programu za kufuatilia wageni ambazo hakuna anayesoma ripoti zake ziondolewe. Matangazo yatengewe nafasi yake mapema.

Hata hivyo, kasi pekee haimfikishi mtu kileleni. Google yenyewe husisitiza kwamba ukurasa unaojibu swali vyema waweza kutangulia ulio mwepesi lakini mtupu. Kasi huwa na uzito hasa pale kurasa nyingi zinapokaribiana kwa ubora. Mwenye nyumba ya wageni Lamu hushindana na madalali wakubwa wa ng'ambo wanaoorodhesha vyumba vivyo hivyo. Akiwapa nafasi ya kutangulia, chumba kitajaa lakini sehemu ya pato itakuwa ya dalali.

Isitoshe, hasara huanza kabla ya orodha kubadilika. Utafiti uliotolewa na Google 2016 ulionyesha kuwa asilimia 53 ya ziara za simu hukatizwa ukurasa ukichukua zaidi ya sekunde 3 kufunguka.

Kwa hivyo, wenye biashara, vyombo vya habari na serikali za kaunti wanaotaka kuonekana mtandaoni wanafaa kuanza kwa kuuliza ni simu gani iliyo mkononi mwa msomaji wao, na analipa kiasi gani kuwafikia. Tovuti itakayomhurumia msomaji wa Lodwar haitamchelewesha wa Nairobi.