Gemu Si Shetani, Lakini Pakiti Iliyofungwa Ni Kamari



Leo tunaongea kuhusu gemu. Najua kuna wawili watatu wameshaanza kukemea. Tulieni kidogo. Siji kuwaambia mchome PlayStation za watoto.

Kuhusu gemu tumezoea mahubiri ya aina mbili. Ya kwanza yanasema gemu zote zimetoka kuzimu, na kijana anayezicheza amefungwa na pepo. Ya pili hayasikiki madhabahuni. Yanahubiriwa sebuleni na mzazi aliyechoka: "Wacha acheze, si bora yuko nyumbani?" Yote mawili yanakosea, tena yanakosea pahali pamoja. Hakuna anayetazama kile kinachouzwa ndani ya ile skrini.

Angalia kibanda cha PlayStation pale mtaani. Vijana wawili wanalipa, wanacheza mechi moja ya mpira, aliyeshindwa anampisha mwingine, mwisho wanaenda nyumbani. Kila mmoja alijua analipia nini, na alichokilipia alikipata. Hiyo ni burudani, kama kulipia bembea. Muulize kijana kama amemaliza kazi ya shule, lakini usimwite mcheza kamari.

Sasa ingia ndani ya mchezo huohuo wa mpira, ile sehemu inayoitwa Ultimate Team. Hapo mtoto anajenga timu yake mwenyewe, na njia moja kuu ya kupata wachezaji ni kufungua pakiti. Pakiti anaweza kuitafuta kwa kucheza saa nyingi, au akainunua kwa pesa halisi. Akiinunua, hachagui atampata nani. Pengine ni nyota wa dunia. Mara nyingi ni beki wa timu ambayo hajawahi kuisikia. Taa zinawaka, muziki unapanda, moyo unadunda, kisha hakuna kitu. Anajaribu tena.

Mpendwa, kulipa pesa, kungoja bahati, na kubaki mikono mitupu, kwenu mnaita nini? Kwetu tunaita kamari. Na tofauti na duka la kubeti, hapa hakuna anayesimama mlangoni kuuliza kitambulisho. Sheria ya Kenya inamkataza aliye chini ya miaka 18 kucheza kamari. Nani alimuuliza mwanao umri kabla ya kufungua pakiti?

Mwanasaikolojia Mmarekani B. F. Skinner aliwafundisha njiwa kudonoa kitufe ili wapate chakula. Chakula kilipokuja kwa kubahatisha, mara kipo mara hakipo, njiwa alidonoa kwa bidii, na hata chakula kilipokatwa hakuacha upesi. Mashine za kasino zinafanya kazi kwa kanuni hiyo, na pakiti nazo vilevile. Kwa hivyo mtoto akishindwa kuacha, usikimbilie kumwekea mikono kama mwenye pepo la ukaidi. Kwanza mtoe kwenye kizimba cha njiwa.

Kuna ujanja mwingine. Pesa hugeuzwa kwanza kuwa pointi, halafu pointi ndizo zinazonunua pakiti. Kasino hufanya hivyo pia, inakupa vidude vya plastiki badala ya noti zako, ili usione uchungu unapopoteza. Halafu toleo la mwaka unaofuata linatoka, na ile timu aliyoilipia haiendi naye. Anaanza upya, na pesa zinaanza upya.

Hii si biashara ya senti mbili. Katika mwaka wa fedha uliomalizika Machi 2021, kampuni ya EA, yenye mchezo huo, ilipata zaidi ya dola bilioni 1.6 kutoka Ultimate Team katika michezo yake mbalimbali. Sisemi hela zote hizo ni za watoto. Nasema mtego wenye faida kiasi hicho hautaondolewa na mwenye kuutega kwa hiari yake.

Najua mtanijibu. Mmoja atasema, "Mchungaji, hiyo ni kama yai la chokoleti lenye zawadi ndani." Hoja hiyo si mpya. Mwaka 2019 EA iliitoa mbele ya kamati ya Bunge la Uingereza, ikakataa jina la kamari na kudai ni namna tu ya kumshangaza mchezaji. Nami najibu hivi: mtoto akinunua lile yai, chokoleti anakula hata kama zawadi ni mbaya. Na lile yai halikai chumbani kwake usiku kucha likimwonyesha ofa mpya. Wabunge wa kamati ile hawakushawishika. Walipendekeza masanduku ya namna hii yawekwe chini ya sheria ya kamari. Serikali yao ndiyo iliyokataa mwaka 2022, ikaziachia kampuni zijisimamie. Kumwachia fisi bucha, ndiko huko.

Mwingine atasema, "Hata mitume walipiga kura wakampata Mathiya." Kweli walipiga. Lakini hakuna mtume aliyemlipisha mtoto wa mtu ili arushe kura mara ya pili. Kura iliyofanana na biashara hii ni ile ya askari chini ya msalaba, waliogombea vazi huku mtu anakufa mbele yao.

Wa tatu atasema haiwezekani, dunia ndivyo ilivyo. Inawezekana! Aprili 2018 tume inayosimamia kamari nchini Ubelgiji ilisema FIFA 18, Overwatch na Counter-Strike: Global Offensive zinavunja sheria kwa masanduku hayo ya kulipia. EA ilibisha, lakini kufikia mwisho wa Januari 2019 iliacha kuuza pointi zake huko. Mpira haukufa Ubelgiji. Watoto wanaendelea kuucheza. Januari hiyohiyo, kampuni ya Epic ilibadilisha masanduku ya kulipia katika sehemu moja ya Fortnite, ili mnunuzi aone kilichomo kabla ya kulipa. Kumbe kufunga macho ya mnunuzi hakukuwa lazima.

Sitawaficha kwamba si nchi zote zimekubaliana. Uholanzi iliitoza EA faini ya euro milioni 10, lakini mwaka 2022 mahakama ya juu ikaifuta, ikiona kwamba pakiti si mchezo unaojitegemea bali ni sehemu ya gemu nzima. Hiyo ni hoja ya wanasheria, na naiheshimu. Lakini mzazi haulizwi kama jambo ni halali mahakamani tu. Anaulizwa linamfundisha nini mtoto. Linamfundisha kwamba bahati inanunuliwa, na aliyepoteza dawa yake ni kulipa tena. Akifika miaka 18, ukamkuta kwenye Aviator usiku wa manane na karo ya chuo imekwisha, usiulize alijifunzia wapi. Alijifunzia sebuleni kwako, kwa simu yako.

Na hapa niwaambie neno gumu, kanisa. Novemba 2017, EA ilipotaka kuuza masanduku kama hayo ndani ya Star Wars Battlefront II, kelele zilikuwa nyingi hadi ikasimamisha mauzo ya ndani ya mchezo kabla tu haujazinduliwa rasmi. Nani walipiga kelele? Wacheza gemu wenyewe. Wale tunaowaita waliopotea ndio waliotambua mtego mapema. Sisi tulikuwa tunabishana kama PlayStation ina pepo.

Kwa hivyo, mzazi mwenzangu, wiki hii fanya mambo matatu. Kwanza, ondoa kadi yako na njia yoyote ya malipo kwenye akaunti ya mtoto, au iwekee nambari ya siri anayoijua mtu mzima peke yake. Pili, keti naye, mwambie akuonyeshe timu yake na akueleze kila mchezaji alimpata vipi. Sikiliza kabla ya kukemea. Tatu, na hili ni la akina baba hasa, kama wewe mwenyewe unabeti, acha. Huwezi kumkataza mtoto pakiti ya wachezaji huku wewe umeshika mkeka wa Jumamosi.

Mtoto acheze. Afunge mabao, apige kelele, ashindwe, acheke. Lakini asiuziwe giza ndani ya pakiti.

Kama una mtoto, andika AMINA, halafu weka simu chini uende ukazungumze naye.

Mchungaji wenu.