Kompyuta mpya, programu za zamani: Kumbukumbu za biashara shakani

KATIKA soko la Mwaloni, Kirumba jijini Mwanza, dagaa na samaki wakavu wa Ziwa Victoria hupimwa, hufungwa na kusafirishwa hadi mikoa mingine na nchi jirani, ikiwamo Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo. Biashara ya namna hiyo husimama juu ya kumbukumbu: nani amechukua mzigo, amelipa kiasi gani na anadaiwa kiasi gani.

Kwa mfanyabiashara anayetunza kumbukumbu hizo kwenye kompyuta, siku mashine ya zamani inapoharibika huzuka swali zito. Je, programu iliyobeba hesabu zake kwa miaka mingi itakubali kufanya kazi ndani ya mashine mpya?

Jibu linategemea prosesa, yaani ubongo wa kompyuta. Kila programu huandaliwa kwa lugha ya maagizo ya prosesa za aina fulani. Ikipelekwa kwenye prosesa yenye lugha nyingine, maagizo yake hayaeleweki.

Kwa miongo kadhaa tatizo hili halikuwagusa watumiaji wengi, kwa kuwa prosesa za Intel na AMD zimeendelea kuelewa maagizo ya prosesa ya 8086 iliyotolewa mwaka 1978.

Intel yenyewe ilipojaribu njia nyingine mwaka 2001, kwa prosesa ya Itanium, programu za zamani zilikwenda kwa kujikongoja. Mwaka 2003 AMD ilitoa prosesa ya biti 64 iliyozipokea programu za biti 32 bila taabu. Soko lilifuata njia hiyo, na Intel nayo ikalazimika kuifuata.

Hata hivyo, uvumilivu huo una kikomo. Matoleo ya Windows ya biti 64 hayaendeshi programu za biti 16 za enzi ya DOS na Windows 3.1. Kimbilio la mwisho lilikuwa Windows 10 ya biti 32, ambayo huduma yake ya kawaida ilikoma Oktoba 14, 2025. Windows 11 haina toleo la biti 32.

Wakati huo huo, prosesa za ARM, zilizozoeleka katika simu za mkononi, zimeingia kwenye kompyuta kwa sifa ya kutumia umeme kidogo. Apple ilianza kuhamia kwenye prosesa zake za aina hiyo mwaka 2020, na kompyuta za Windows zenye prosesa za ARM nazo zinauzwa.

Ili programu za zamani zisiachwe nje, Apple iliweka Rosetta 2, na Microsoft ikatoa Prism mwaka 2024. Kazi yake ni ya mkalimani anayesimama kati ya muuzaji na mteja wasioelewana lugha. Mazungumzo yanaendelea, ingawa pengine kwa kasi ndogo.

Tatizo ni kwamba mkalimani huyo hakai milele. Rosetta ya kwanza iliyotolewa na Apple mwaka 2006 iliondolewa mwaka 2011. Mwaka 2025 kampuni hiyo ilitangaza kuwa Rosetta 2 itatumika kikamilifu hadi toleo la 27 la macOS tu.

Isitoshe, Prism haitafsiri programu ndogo zinazoiwezesha Windows kuwasiliana na vifaa vya nje. Mizani au printa ya risiti ya zamani inaweza kukataa kufanya kazi, hata kama programu ya hesabu yenyewe imefunguka.

Ipo njia nyingine, nayo ni kutumia programu zinazoigiza kompyuta nzima ya zamani ndani ya mpya. DOSBox, inayopatikana bure tangu mwaka 2002, ni mojawapo, ingawa ilibuniwa hasa kwa ajili ya michezo. Anayeigiza Windows ya zamani kwa njia hiyo anapaswa kuitenga na intaneti, kwa sababu mianya yake ya usalama haizibwi tena.

Wapo pia wanaotafuta mashine iliyotumika ya aina ileile. Hiyo ni nafuu ya muda, kwani nayo itachoka.

Kinachosahaulika katika mjadala huu ni kwamba programu inaweza kununuliwa nyingine, lakini orodha ya wadaiwa haiuzwi dukani. Ikifungiwa ndani ya programu isiyofunguka, fedha zilizoko mikononi mwa wateja wa mbali zimepoteza ushahidi wake.

Kwa hiyo, wakati wa kuchukua hatua ni sasa, mashine ya zamani ikiwa bado inawaka. Kumbukumbu zihamishwe katika majedwali ya kawaida yanayosomeka na programu yoyote, nakala zihifadhiwe mahali pengine, na salio la kila mdaiwa lichapishwe kwenye karatasi.

Aidha, kabla ya kulipia kompyuta mpya, mnunuzi aulize ina prosesa ya aina gani, na aombe programu yake ijaribiwe mbele yake pamoja na mizani na printa. Muuzaji asiyekubali jaribio hilo atakuwa amekwisha kutoa jibu.